Kemikali Zinazovuruga Homoni na Taathira Zake katika Mwili wa Binadamu

Kijitabu cha Elimu kwa Umma

Dibaji

Kijitabu hiki kimetungwa kwa ajili ya watu wa kila hali, wakulima na wavuvi, wenye maduka na wenye ofisi, mama wanaopika na mabibi harusi wanaojipamba, kwa kuwa jambo linalozungumzwa humu haliulizi cheo cha mtu wala halimngoji alijue ndipo limdhuru. Katika muda wa miaka mia iliyopita binadamu amejitengenezea kemikali ambazo wazee wake hawakuzijua, na haki ni kusema kwamba nyingi katika hizo zimemfaa, maana zimemkinga na mbu, zimemhifadhia chakula kisioze, na zimempa vyombo vyepesi visivyovunjika hata vikianguka. Lakini miongoni mwazo zimo ambazo, zikishaingia mwilini kwa njia ya kinywa, pumzi au ngozi, huingilia amri za homoni, mwili ukatenda lisilopasa kutendwa au ukaacha kutenda lililo lazima. Mwaka 2013 mashirika mawili ya Umoja wa Mataifa, lile la Afya na lile la Mazingira ambalo makao yake makuu yako Nairobi, yalitangaza kwamba kemikali zipatazo 800 zinajulikana au zinashukiwa kuwa na tabia hiyo, na kwamba zilizopimwa kwa vipimo vya kutosha ni chache mno.

Hatukukusudia kumtia msomaji wahka, kwani mwenye hofu nyingi hushindwa kuchagua. Tumekusudia ajue neno moja ambalo kurasa zote zifuatazo zinalithibitisha: kwamba katika sumu za namna hii, wakati ambao mtu amezipata una uzito kuliko wingi alioupata, na kwamba anayebeba dhara aghalabu ni mtoto aliyekuwa bado tumboni, ambaye hakuulizwa wala hakuwa na hiari.

1. Homoni ni kitu gani

Ndani ya mwili wa kila mtu mna tezi ambazo hazina mfereji wa kutolea maji yake nje, bali huyamimina katika damu, nayo damu huyachukua na kuyafikisha kila pembe ya mwili. Pituitari imekaa chini ya ubongo na kuzisimamia nyingi katika zile nyingine. Dundumio iko shingoni, mbele ya koo. Adrenali mbili zimekaa juu ya figo. Kongosho iko nyuma ya tumbo la chakula. Na kwa upande wa uzazi mwanamke ana ovari na mwanamume ana korodani. Vitu vinavyotolewa na tezi hizo ndivyo homoni: insulini inayosimamia sukari katika damu, kotisoli inayoutayarisha mwili kustahimili maradhi na taabu, homoni za dundumio zinazoamrisha joto la mwili na ukuaji wa ubongo wa mtoto, na estrojeni na testosteroni zinazowatengeneza binti na mvulana kila mmoja kwa umbo lake.

Kazi ya homoni yafanana na mbiu ya mgambo katika miji yetu ya pwani siku zile: pembe ikilia, sauti huenea mji mzima na kuingia kila nyumba, lakini wanaoinuka ni wale tu wanaohusika na wito. Homoni nayo hupita katika damu mbele ya seli zote, na zinazoiitika ni zile zenye kipokezi chake, ilhali nyingine huisikia ikipita zikaendelea na shughuli zao. Na kiasi kinachotosha kwa wito huo ni kidogo kupita fikira, kwani estrojeni iliyo kuu kwa mwanamke hupimwa kwa pikogramu katika kila mililita ya damu, na pikogramu moja ni gramu moja iliyogawanywa mafungu bilioni 1,000. Mafungu machache ya kadiri hiyo, yakizidi au yakipungua kwa wakati wake, ndiyo yanayoleta hedhi na kuutayarisha mji wa mimba.

2. Namna kemikali zinavyoingilia amri hizo

Kemikali huvuruga homoni kwa njia nyingi, nasi tutazitaja nne zilizo kubwa. Ya kwanza ni ya kupuliza pembe bila ya kutumwa: kemikali hukaa juu ya kipokezi cha homoni, seli ikadhani imeitwa, ikafanya kazi ambayo saa yake haijafika. Hivi ndivyo ifanyavyo bisfenoli A, ambayo tangu mwaka 1936 mwanakemia wa Kiingereza Charles Dodds alikwisha kuonyesha kwamba ina tabia ya estrojeni, na baadaye, katika miaka ya 1950, ikaingizwa katika utengenezaji wa plastiki ngumu na rangi za ndani ya makopo ya chakula. Njia ya pili ni ya kuziba masikio ya walioitwa: mwaka 1995 wataalamu wa Marekani walionyesha kwamba DDE, ambayo ni masalio ya dawa ya wadudu ya DDT yakaayo katika shahamu za mwili kwa miaka mingi, hukizuia kipokezi cha testosteroni kisiipokee homoni yake. Ya tatu ni ya kumnyamazisha mpiga pembe mwenyewe, kwa kuizuia tezi isipate malighafi ya kutengenezea homoni. Na ya nne ni ya kuiondoa homoni njiani kabla haijafika, kama zifanyavyo kemikali za PCB, zilizokuwa zikitiwa katika mafuta ya mashine za umeme, ambazo hulichochea ini kuziharibu homoni za dundumio upesi kupita kawaida.

Kwa kuwa homoni zenyewe hufanya kazi kwa kiasi kidogo mno, haifai kustaajabu kwamba hata wavurugaji wake hawahitaji kuwa wengi. Watu wa bahari watauelewa mfano huu. Tangu miaka ya 1960 meli nyingi zilipakwa rangi yenye tributilitini ili chaza na majani visiote katika tumbo la chombo, na baada ya miaka michache wachunguzi wa Plymouth, nchini Uingereza, wakakuta konokono wa kike wa baharini walioota kiungo cha kiume. Na maji yalipopimwa, ikadhihirika kwamba nanogramu moja ya kemikali hiyo katika lita nzima ya maji ya bahari ilitosha kuwaharibu hivyo. Kwa ajili hii kanuni ya kale ya kwamba kidogo hakidhuru haiwezi kutegemewa katika jambo la homoni, na wapimaji wenyewe wamelazimika kuipitia upya mizani yao: mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilikipunguza kiasi cha bisfenoli A ambacho mtu anaweza kukila kila siku bila ya hofu, kikawa chini mara 20,000 kuliko kilichokubaliwa kabla yake, na Desemba 2024 Umoja wa Ulaya ukaamua kuipiga marufuku katika vyombo na makopo ya chakula.

3. Kisa cha dawa ya DES

Hakuna kisa kinachofundisha somo hili kwa uwazi na kwa majonzi kuliko kile cha dawa iliyoitwa dayethilistilbestroli, na kwa kifupi DES. Charles Dodds yuleyule, pamoja na wenzake, waliitengeneza mwaka 1938, ikafanya kazi ya estrojeni kwa gharama ndogo. Na kwa kuwa haikuwekewa hataza, kila kiwanda kiliweza kuitoa. Katika miaka ya 1940 matabibu wa Marekani walianza kuwapa wanawake wajawazito dawa hiyo, kwa kuamini kwamba itazuia mimba zisiharibike. Mwaka 1953 ilipimwa mjini Chicago, wanawake wakagawanywa mafungu mawili, hawa wakapewa dawa na wale wakapewa vidonge vitupu, ikaonekana wazi kwamba haizuii lolote. Hata hivyo iliendelea kuandikwa kwa muda wa miaka 18 mingine, kwani mama walioimeza hawakuonekana kupatwa na dhara, na watoto wao walizaliwa wazima, wakanyonya, wakatambaa, wakaenda skuli.

Kisha, katika miaka ya mwisho ya 1960, hospitali moja ya Boston ikaanza kupokea wasichana wenye saratani ya uke ya aina ambayo ni nadra mno kuonekana kwa watu wa umri wao. Matabibu Arthur Herbst, Howard Ulfelder na David Poskanzer waliwatafutia sababu katika kila jambo la maisha yao, na katika kutafuta huko mama wa mgonjwa mmoja ndiye aliyeuliza kama haiwezi kuwa ni vidonge alivyopewa alipokuwa na mimba ya binti yake. Swali la mama huyo likafuatwa. Wagonjwa waliochunguzwa walikuwa 8, na mama 7 katika hao walikuwa wamepewa DES, ilhali katika mama 32 wa wasichana wasio na maradhi hayo, waliochukuliwa kwa ajili ya kulinganishwa nao, hakupatikana hata mmoja aliyeitumia. Taarifa ilitoka Aprili 1971, na Novemba ya mwaka huohuo serikali ya Marekani ikawaonya matabibu wasiwape wajawazito dawa hiyo.

Saratani yenyewe iliwapata wachache, takriban binti mmoja katika kila 1,000 waliokutwa na dawa wakiwa tumboni. Lakini wengi zaidi waligundua, walipotaka kuzaa, kwamba mji wao wa mimba haukuumbika sawasawa, mimba zikatoka kabla ya siku zake au zikatunga nje ya mahali pake. Msomaji na azingatie mpango wa mambo haya: mama na mwana walipata kidonge kimoja, siku moja, katika damu moja; mama, aliyekwisha kukamilika kimwili, aliishi miaka bila ya kuhisi kitu, na mwana, ambaye viungo vyake vilikuwa ndiyo kwanza vinaumbwa, alibeba taathira iliyojificha kwa miaka 15 au 20.

4. Saa za hatari katika umri wa mtu

Yapo majira matatu ambayo mwili husikiliza homoni kwa makini kupita wakati mwingine wowote, nayo ni siku za mimba, miaka ya utoto mchanga, na wakati wa kubaleghe. Katika mimba, baina ya wiki ya 8 na ya 14, testosteroni ya mtoto wa kiume huamrisha via vyake vya uzazi viumbike. Na amri hiyo ikikatizwa katika wiki hizo, homoni itakayokuja baadaye, hata iwe nyingi namna gani, haiwezi kulirudia lililopita. Kadhalika ubongo wa mtoto katika miezi mitatu ya mwanzo hutegemea homoni za dundumio za mama yake zinazopita katika kondo la nyuma, kwa sababu dundumio yake mwenyewe haijaanza kazi. Kwa hiyo chochote kinachoidhoofisha dundumio ya mama wakati huo huweza kupunguza akili ya mwana kabla hajaliona jua.

Na kwamba kubaleghe nako ni saa ya hatari, ushahidi wake ulipatikana katika mji wa Oakland, jimbo la California, ambako damu ya wanawake iliyohifadhiwa tangu miaka ya 1959 hadi 1967 ilipimwa DDT miaka mingi baadaye. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba wanawake waliokuwa na DDT nyingi, na ambao hawajatimiza miaka 14 mwaka 1945 dawa hiyo ilipoanza kuenea nchini mwao, walikabiliwa na hatari ya saratani ya matiti iliyozidi mara tano kuliko wenzao wenye DDT kidogo, lakini waliokuwa wamepita umri huo haikuonekana kwao tofauti ya namna hiyo.

5. Kemikali hizi zinapatikana wapi karibu nasi

*Mkorogo.* Katika masoko yetu huuzwa vikopo vidogo visivyo na maandishi, ambavyo muuzaji amevijaza kwa kijiko kutoka makopo manne au matano mbalimbali, akavikoroga mbele ya mteja na kumhakikishia kwamba katika wiki mbili atang'ara. Krimu nyingi zinazoingia humo huwa na klobetasoli, dawa ya ngozi yenye nguvu kubwa ambayo ni ya ukoo mmoja na kotisoli, na ambayo tabibu akimpa mgonjwa humpa kwa siku chache na kwa sehemu ndogo ya mwili. Ikipakwa mwili mzima asubuhi na jioni kwa miezi na miaka, hupenya ngozi ikaingia katika damu, pituitari ikadhani kotisoli imetosheka, ikaacha kuziamrisha adrenali, nazo zikasinyaa kwa kukosa kazi. Ndipo uso hujaa na kuviringika, mikono na mapaja hukonda, michirizi mipana hutokea tumboni, sukari na shinikizo la damu hupanda. Mjini Dakar, nchini Senegali, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba wajawazito waliojipaka dawa kali za aina hii walikuwa na kotisoli pungufu katika damu, na kwamba watoto wenye uzito mdogo walizidi miongoni mwao. Fauka ya hayo, baadhi ya krimu na sabuni za kujichubua zina zebaki, ambayo huharibu figo na ubongo, na ambayo Mkataba wa Minamata umeikataza katika vipodozi vya namna hiyo.

*Plastiki jikoni na moshi wake.* Ni desturi iliyoenea siku hizi kufunika sufuria ya wali, viazi au ndizi kwa mfuko wa nailoni ili mvuke usitoke na chakula kiive upesi, na kadhalika kumimina uji wa moto au chipsi zitokazo katika karai moja kwa moja ndani ya mfuko. Joto na mafuta ndivyo vitu viwili vinavyozitoa kemikali katika plastiki na kuzitia katika chakula, na mpishi hawezi kujua mfuko umetengenezwa kwa nini, kwani ule mweusi aghalabu umeyeyushwa kutoka plastiki kuukuu zilizochanganywa. Wazee wetu walifunikia chungu jani la mgomba na sinia la chakula kawa, na vifuniko hivyo havijapungua sifa hata leo.

Ubaya mwingine ni wa kuwashia jiko la mkaa kipande cha plastiki, na wa kuchoma takataka uani, hasa mabomba, viatu vya plastiki na nyaya za umeme zinazochomwa ili kupata shaba iliyo ndani. Plastiki yenye klorini ikiungua kwa moto hafifu huzaa dioksini, ambayo ni katika kemikali zenye sumu kali kuliko zote zinazojulikana; moshi ukishatua juu ya majani na udongo, kuku hudonoa na ng'ombe hula, dioksini ikajikusanya katika mafuta ya yai, maziwa na nyama. Mayai ya kuku waliofugwa karibu na jaa la Dandora, Nairobi, yalipopimwa kwa taarifa ya mwaka 2005, yalikutwa na dioksini iliyokipita mbali kiwango kilichoruhusiwa Ulaya.

*Mafuta ya transfoma.* Imepata kuripotiwa, hasa nchini Kenya, kwamba wezi huyafyonza mafuta ya mashine za umeme zilizoko juu ya nguzo, wakayauza kwa wakaangaji wa vyakula vya barabarani, kwa kuwa hayaishi upesi karaini. Mafuta ya mashine za zamani yanaweza kuwa na kemikali za PCB, na balaa la PCB katika mafuta ya kula limekwisha kuonekana kwa macho: mwaka 1968, magharibi mwa Japani, mafuta ya pumba za mpunga yaliingiwa na PCB kutoka bomba la kiwandani, watu zaidi ya 1,800 wakathibitishwa kuugua, na baadhi ya mama wakajifungua watoto wenye ngozi iliyopiga weusi usio wa kawaida. Mwaka 1979 msiba kama huo ukatokea Taiwan, na watoto waliozaliwa na mama waliokula mafuta hayo, hata waliozaliwa miaka kadhaa baadaye, walionekana kuchelewa katika akili na makuzi.

*Dawa za wadudu.* Mintarafu ya DDT yapasa tuseme kwa insafu. Katika miaka ya 1960 dawa hii, ilipopulizwa majumbani katika visiwa vya Unguja na Pemba, iliipunguza malaria kwa kadiri kubwa, na kazi ilipokatishwa mwaka 1968 maradhi yakarudi. Ndiyo sababu Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 uliizuia mashambani lakini ukaacha mlango wa kuitumia dhidi ya wadudu waenezao maradhi. Lakini katika jimbo la Limpopo, Afrika ya Kusini, ilionekana kwamba mama waliokaa katika vijiji vilivyopulizwa DDT walikuwa na uwezekano uliozidi kwa kadiri ya theluthi moja wa kuzaa mtoto wa kiume mwenye kasoro katika via vya uzazi au njia ya mkojo. Na ukaaji wake ni wa muda mrefu: huko Vikuge, karibu na Kibaha, mkoa wa Pwani, ambako palikuwa na ghala la dawa kuukuu, udongo ulipopimwa baada ya shehena kuondolewa ulikutwa bado umejaa DDT. Kwa hiyo anayekuja kupuliza nyumba kwa amri ya wizara ya afya na apokewe, na masharti yake yafuatwe. Bali anayenyunyizia nyanya sokoni dawa isiyojulikana, au anayetilia mafuta ya kupikia katika galoni iliyokuwa ya dawa ya shamba, na akatazwe.

*Muhogo mchungu.* Isidhaniwe kwamba kila kinachovuruga homoni kimetoka kiwandani. Muhogo mchungu usiotayarishwa vema huacha sianidi, nayo mwilini hugeuka thiosianati, ambayo huizuia dundumio isichukue madini joto, yaani iodini, ambayo ndiyo malighafi ya homoni zake. Katika kisiwa cha Idjwi, kilichoko ziwa Kivu nchini Kongo, wachunguzi wa Kibelgiji, miongoni mwao François Delange, walikuta kwamba iodini ilikuwa haba kisiwa kizima, lakini rovu, yaani uvimbe wa dundumio, lilizidi mno upande ambao watu walikula muhogo wenye sumu zaidi. Kuumenya, kuuloweka siku kadhaa na kuuanika sawasawa, pamoja na kula chumvi yenye madini joto, ni kinga iliyo katika uwezo wa kila nyumba.

6. Mambo ya kufanya nyumbani

1. Asipake mtu krimu isiyo na maandishi ya kiwandani yanayosomeka, na asinunue ya kupimiwa kwa kijiko. Aliyeutumia mkorogo mwili mzima kwa miezi mingi asiuache ghafula kwa siku moja, kwani adrenali zilizosinyaa haziinuki mara. Aende kwa tabibu amweleze ukweli, apunguziwe kwa utaratibu. Akipatwa na kulegea, kutapika au kuzimia, apelekwe hospitali bila ya kuchelewa.

2. Chakula cha moto kiwekwe katika sufuria, bakuli la udongo, la kigae au la bati la enameli. Chombo cha plastiki kilichokwaruzika au kubabuka kitumike kwa kazi nyingine.

3. Moto usiwashwe kwa plastiki. Vijiti vikavu, makumbi na karatasi vyatosha.

4. Galoni ya dawa ya shamba itobolewe na kupelekwa mahali palipoamriwa. Isioshwe ikatumiwa kwa maji, mafuta au pombe.

5. Mwenye kupulizia dawa shambani avae nguo za mikono mirefu, abadili nguo na kuoga kabla ya kumbeba mtoto, na nguo hizo zifuliwe mbali na za watoto. Mjamzito asipewe kazi ya kuchanganya dawa.

6. Mboga na matunda yaoshwe kwa maji mengi yanayotiririka. Sakafu ipigwe deki kwa maji badala ya kufagiwa kwa nguvu, maana kemikali nyingi hupanda vumbi, na mtoto atambaaye ndiye aliye karibu nalo.

7. Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

*Je, maji ya chupa iliyokaa juani yana bisfenoli A?* Chupa ndogo laini zinazouzwa madukani hutengenezwa kwa plastiki ya aina nyingine isiyotumia bisfenoli A, ingawa si vizuri kuziacha juani wala kuzitumia tena miezi na miezi. Zile chupa kubwa ngumu zinazorudishwa kujazwa tena ndizo ambazo kwa miaka mingi zimetengenezwa kwa kemikali hiyo. Ziwekwe kivulini, na zilizochakaa zikataliwe.

*Ikiwa kemikali hizi hutoka katika maziwa ya mama, je, aache kunyonyesha?* La, asiache. Maziwa ya mama yana kinga na lishe isiyo na badala, na Shirika la Afya Duniani laendelea kuagiza kwamba mtoto anyonye maziwa matupu kwa miezi 6 ya mwanzo. Linalopasa ni kupunguza yanayoingia kwa mama, tangu angali binti.

*Je, utasa na saratani zote zimesababishwa na kemikali hizi?* Hasha. Maradhi hayo yana sababu nyingi, na asiyezaa asijilaumu wala asilaumiwe. Kemikali ni sababu moja miongoni mwa hizo, lakini ni sababu ambayo binadamu ameileta mwenyewe na anaweza kuiondoa.

8. Hatima: wajibu wa wakubwa na wajibu wa aila

Yako mambo ambayo nyumba moja haiwezi kuyafanya hata ikijitahidi vipi, na hayo ni wajibu wa wenye mamlaka. Mnunuzi hawezi kupima krimu kwa macho, wala mama hawezi kujua rangi iliyopakwa ndani ya kopo la maharage. Ni sharti kemikali ipimwe kabla ya kuruhusiwa, na anayeiuza ndiye athibitishe usalama wake, badala ya kungoja watoto waugue ndipo swali liulizwe, kama ilivyokuwa kwa DES. Kenya na Tanzania zote mbili zilijiunga na Mkataba wa Stockholm mwaka 2004, na mkataba huo unazitaka nchi zijitahidi ili PCB ziwe zimeondolewa kwa njia ya salama ifikapo mwaka 2028. Raia wana haki ya kuuliza kazi hiyo imefika wapi. Na sheria ikisimamiwa huzaa matunda: rangi ya meli yenye tributilitini ilipigwa marufuku duniani mwaka 2008, na katika pwani nyingi za Uingereza konokono wa baharini walioharibika wamepungua, wazima wakarudi mahali pao.

Na kwa upande wa aila, tumekwisha kuona kwamba wiki zilizo nzito kuliko zote ni zile za mwanzo wa mimba, ambazo aghalabu mama hajaanza kuhudhuria kliniki, na pengine hata mume na mama mkwe hawajajua. Kwa hiyo anayetaraji kushika mimba na aanze kujihifadhi kabla ya kuishika. Na akiona hedhi imempita, aende kliniki mapema, asingoje tumbo lionekane, amtajie mkunga krimu anazopaka, dawa anazomeza, za hospitali na za miti shamba, na kazi anayoifanya shambani au kiwandani. Mume naye ampunguzie kazi ya dawa na moshi tangu siku hiyo hiyo, na mkunga aulize hata asipotajiwa.